Betri za Makambi

Harufu ya omena, wale dagaa wa ziwani, wakianikwa hunikumbusha betri. Wengine hukumbuka chakula. Mimi nakumbuka betri nne kubwa za kinasa sauti cha kaseti, zimepangwa juu ya wavu katikati ya omena kwetu Muhuru Bay, nami mtoto wa miaka tisa nikizigeuza ili kila upande upate jua, huku nikifukuza kuku. Kazi hiyo alinipa baba. Aliamini kwamba betri iliyochoka ikianikwa hurudi kazini. Jioni aliziuma moja moja kwa magego, akazionja ncha kwa ulimi, kisha akatangaza kwa uso wa daktari, "Hizi mawe bado ziko na nguvu."

Hapo ndipo hasira yangu inapoanzia, kwa sababu kabatini mlikuwa na betri nne mpya, hazijafunguliwa hata karatasi. Hizo zilikuwa za makambi. Kila mwaka Wasabato wa pande zetu hukusanyika juma zima kusali na kusikiliza mahubiri, na baba, mzee wa kanisa, ndiye aliyewarekodi wahubiri. Betri za makambi hazikuguswa wala kuombwa. Mimi niliziomba mwaka ule Dani, nyanya yangu mzaa baba, alipotutembelea kutoka Mfangano. Dani alijua majina ya watu wetu kurudi nyuma vizazi vingi, na baba alitaka ayataje kwenye kaseti ili sisi wajukuu tusiyapoteze. Wazo zuri kabisa. Nikamwambia, "Baba, si utumie zile mpya?" Akanijibu bila kuniangalia, "Mama yuko siku zote. Makambi ni mara moja kwa mwaka."

Basi Dani akazungumza na betri za jua. Sauti yake ilikuwa nzito kuliko ya baba, sauti ya mwanamke aliyezoea kuita watu walio ziwani. Alitaja majina, akamsuta baba kwa kukonda, akamalizia kwa wimbo aliotubembelezea sote. Kisha akarudi kwake Mfangano. Kabla makambi hayajafika, akafariki.

Tulipotoka kumzika, baba alizifungua betri mpya ili tumsikie. Wakati wa kurekodi, zile chovu zilikuwa zimeizungusha kanda polepole, na zaidi polepole kadiri zilivyokwisha, kwa hiyo sasa betri nzuri ziliikimbiza. Dani alianza na sauti ya mwanamke kijana, kufikia jina la tano akawa msichana, na wimbo ukatoka kama wa kifaranga. Shangazi zangu walicheka, kisha wakalia upya. Baba aliilaumu kaseti. Baadaye akalaumu vumbi. Mwaka uliofuata akamlaumu Dani mwenyewe, eti alikaa mbali na kinasa sauti. Betri hakuzitaja, na mimi sikuthubutu kuzitaja. Nilikasirika hivyo hadi nikaota mvi.

Siku hizi simu yangu hurekodi kutwa nzima na hakuna anayeuma chochote. Kanda za makambi zimo sandukuni chini ya kitanda cha baba, kila neno linasikika vizuri, na sijawahi kumwona mtu akizisikiliza. Ile ya Dani nimeihamishia kwenye simu, ambayo inaweza kupunguza kasi. Mwezi uliopita baba alikuja kwangu Homa Bay, tukaketi kuirekebisha, maana sasa yeye peke yake ndiye anayeikumbuka vizuri sauti ile. Alinichosha. "Punguza," anasema. Napunguza. "Ah, huyo sasa ni mwanamume. Rudisha kidogo." Asubuhi nzima ikaenda hivyo, chai ikapoa, nikakaribia kumwambia akaanike simu juani.

Kisha Dani akasema, kwa sauti yake hasa, "Hiki kisanduku kinanisikia kweli?"

Baba aliinama. Akayasikiliza majina matatu ya mwisho.

"Zile mpya zilikuwa kabatini," akasema.

Jibu la maneno hayo nilikuwa nalo tangu utotoni, na lilikuwa kali. Lakini wimbo ulikuwa umeanza, na bado ulikuwa unakimbia. Nikapunguza tena.