Vijiko Thelathini vya Mpini Mnene

Kisa hiki kimenigharimu pesa za vijiko thelathini na heshima yangu kazini. Kazi yangu hospitalini ni kuwasaidia waliopooza mkono wamudu tena shughuli za kila siku. Nilipata tafiti za nje zilizosifu vijiko vya mpini mnene kwa mkono uliolegea. Nikamlalia bei fundi wa mtaa wa Miyuji, nikavihesabu mara mbili nisipunjwe, nikanunua kwa pesa yangu kabla ya kibali. Nilitumaini bosi akiridhika atanirudishia.

Siku ya kuwasilisha, baada ya slaidi ya mwisho, ya hesabu ya vijiko na bei, nilimwita mgonjwa wangu, bibi kutoka Chamwino, awaonyeshe wenzangu kijiko kinavyofaa. Mezani palikuwa na ugali wa uwele na mlenda.

"Shikamoo bibi. Karibu ule."

"Marahaba." Akakigeuzageuza kijiko, akakiweka pembeni, akaomba maji ya kunawa. "Mjukuu wangu, mimi nataka mkono ukate tonge. Nikila ugali kwa hiki, nyumbani watauliza nililazwa Ulaya."

Ukumbi ukacheka. Bosi akaniuliza taratibu, "Katika kuhesabu kwako kote, huyu ulimuuliza?"

Sikumuuliza.

Mwenye mgahawa wa wali, hata awe mbali kule Nzuguni, anitafute; vijiko vyote bado ninavyo. Bei tutaelewana.