Dirisha la Wodini

Mie ni muuguzi Temeke, na miaka yote ya kazi nimegombana na watu kwa ajili ya madirisha. Kila asubuhi nayafungua, maana kifua kikuu husambaa kwenye hewa iliyofungiwa, na wodini kwetu wapo wanaokohoa kabla hawajapimwa. Ndugu wa wagonjwa wanayafunga. "Sista, huyu ana homa, upepo utammaliza." Naeleza, wanaitikia vizuri kabisa, halafu nikigeuka tu nasikia komeo. Nimefoka mpaka sauti ikakauka.

Mwaka huu kikohozi kikanishika mwenyewe. Makohozi yakapimwa, nikakutwa na kifua kikuu. Wala sikushtuka, nilichoka tu. Mama akaja kwangu Kimara kuniuguza. Nilimsihi akae mbali na mie, akanijibu kwamba hakunizaa ili anikimbie. Akaninywesha uji, akanifunika kanga, akanigusa paji la uso.

Kisha akaenda kufunga dirisha.

Kabla sijasema neno kikohozi kikanibana, naye akarudi haraka, akaniinamia uso kwa uso, akawa ananisugua mgongo.