Sifuri Mahali pa Mche Uliokufa

Ninaikumbuka jioni moja hapa Tetu, mwanangu, baba yako akiwa kidato cha nne nami, dada yake, cha tatu. Kesho yake palikuwa na mtihani, na babu yako alikuwa amesema nikianguka hesabu tena nitabaki nyumbani kuchuma chai.

Nilikuwa nikigawanya x³ + 2x − 5 kwa x − 2. Nikapata x² + 4, ikabaki 3. Nikaweka kalamu chini.

"Umehakikisha?" baba yako akauliza.

"Ya nini? Si imeisha?"

"Zidisha jibu kwa x − 2, halafu ongeza baki."

Nikazidisha. Ikatokea −2x², ambayo swali halikuwa nayo.

"Ati huyu mgeni ametoka wapi?" akacheka. "Ameingia bila hata hodi!"

Mimi machozi yalikuwa karibu. Akanionyesha mistari ya chai dirishani. "Mche ukifa, sisi husogeza ule mwingine uzibe?"

"Hapana. Pengo hukaa."

"Basi. x² haiko, lakini mahali pake papo. Andika 0x²."

Kumbe nilikuwa nimeisogeza 2x ikakaa pasipo pake. Nikaandika sifuri, nikaanza upya polepole, maana mwenda pole hajikwai: x² + 2x + 6, baki 7. Nikazidisha, nikaongeza ile saba, na swali likarudi kama lilivyokuwa.

Mtihani ule nilipita. Shule niliiacha mwaka uliofuata kwa mambo mengine. Sitakudanganya kwamba hesabu iliniokoa.

Sasa tumemzika baba yako, na jana uliniambia hutarudi shuleni, utakaa mahali pake shambani. Mwanangu, hilo ni kama lile jibu langu la kwanza, lililokosea. Umejisogeza kuziba pengo. Liache likae, ni lake. Chai tutachuma mimi na mama yako. Wewe rudi Jumatatu. Maji ukiyavulia nguo sharti uyaoge. Na kila unaloamua, rudi nyuma ulihakikishe, uone kama linakurudisha ulikoanzia. Uchungu utakaobaki usiufiche. Hata jibu la kweli lilikuwa na baki, na bila baki hiyo lisingetimia.

Mungu akutunze, akuweke katika mstari wako. Na mwalimu akikuuliza nani alikufundisha kuandika ile sifuri, mtaje baba yako.