Cheti cha Trekta Lisilokuwepo

Watu walimwita Bwana Namba, na jina hilo alilipenda kuliko alilopewa na baba yake. Alikaa miaka thelathini na sita katika stoo ya vipuri vya matrekta, nyuma ya dirisha la wavu. Shule aliiacha darasa la nne; elimu yake ya vyuma aliiokota katika vitabu vya kiwandani vilivyoliwa na panya pembezoni. Lakini mletee trekta kuukuu, hata lililooza matairi, atakwambia lilitoka kiwandani mwaka gani, na kama injini yake imezaliwa nalo au imepandikizwa.

Zamani kazi hiyo ilikuwa na heshima yake. Mwenye trekta alijua vyuma vyake kama ajuavyo wanawe. Siku hizi mtu anachongesha kibati cha namba juzi, anakichakaza kwa maji ya betri, analipaka trekta rangi ing'aayo kama kucha za bibi harusi, kisha anakuja kifua mbele: "Mzee, hili ni la babu." La babu gani! Bwana Namba alilala chali chini ya tumbo la trekta, akasugua giaboksi kwa brashi ya waya mpaka herufi moja ndogo ionekane. Kibati hubandikwa na kubanduliwa. Herufi ile huzaliwa na chuma siku kinapomiminwa katika kalibu, na kila mwaka una herufi yake. Kibati na herufi vikipishana mwaka mzima, basi pana mkono wa mtu.

Ndivyo alivyoamini, na kwa imani hiyo alimuumbua shemeji yake.

Shemeji huyo, mume wa dada yake mdogo, alikuwa dereva wa trekta moja tangu ndevu hazijaota. Trekta lilipochoka alilinunua, akalihangaikia miaka minne, kisha akalipeleka kwenye maonyesho ya mashine za kale.

"Shemeji, njoo ulikague mbele za watu," alisema, "wasije wakasema umenipendelea."

Bwana Namba aliinama dakika kumi, akaona kibati na herufi vimepishana mwaka, akainuka akipangusa mikono. Alisema kwa sauti ya kufika nyuma kabisa: "Shemeji, kichwa cha huyu, tumbo la yule! Miaka yote umelea mtoto wa watu wawili!"

Uwanja mzima ulicheka. Fundi mmoja wa matairi akapiga kelele, "Chotara!" na jina likaganda. Wiki haikuisha, shemeji akaliburuta trekta hadi kwa wanunuzi wa chuma chakavu, akasimama pale pale likikatwa vipande kwa gesi. Tangu siku ile, miaka kumi na mmoja, dada mtu hakukanyaga kwa kaka yake.

Mwaka huu mwalimu mmoja mstaafu alimwita akague trekta la marehemu baba yake. Kibati kilisema mwaka mmoja, herufi ikasema uliotangulia. Bwana Namba alikwisha kufungua kalamu aandike kuwa ni mchanganyiko, mkono ukasita. Boliti za giaboksi zilikuwa hazijaguswa na spana. Rangi ya kiwandani ilikuwa imeziba kingo za nati zote, haina ufa, kama ganda la yai. Alilizunguka trekta lile siku mbili. Siku ya pili alifungua daftari lake la ukaguzi wa zamani, akaona namba ya kibati iko mbele ya ile ya shemeji kwa tatu tu.

Akaketi chini, palepale kwenye mafuta. Kumbe kiwanda nacho kina kiporo! Giaboksi zilizobaki stoo za mwaka uliotangulia zilifungwa kwenye matrekta machache ya mwaka mpya. Yeye, mtu wa stoo maisha yake yote, hakuliwaza hilo.

Kesho yake alibisha kwa dada yake. Dada alifungua mlango, akamtazama kuanzia viatu.

"Nani kafa?"

"Hajafa mtu. Nimemfuata shemeji."

Shemeji alikuwa uani, amekaa kwenye kigoda, miguu imevimba. Bwana Namba alieleza yote bila kuketi, wala hakuambiwa aketi.

"Hilo la mwalimu umelikagua muda gani?" shemeji akauliza.

"Siku mbili."

"Na langu?"

"Dakika kumi."

"Langu lilikuwa la nyumbani," shemeji alisema taratibu. "La nyumbani halina haraka ya kuheshimiwa. Kosa la herufi ningekusamehe, shemeji. Lakini ulitaka kuchekesha."

"Nilitaka."

"Haya. Niandikie cheti."

"Cha trekta lililokatwa?"

"Andika! Au kalamu yako hujua kukataa tu?"

Akaandika: namba, mwaka, vyuma vyote vya kuzaliwa. Shemeji akasoma mpaka chini, akamrudishia.

"Sasa kawasomee waliocheka."

Baadhi yao walikuwa makaburini, wengi wamehama. Alimkuta fundi wa matairi tu, mzee sasa, kibandani kwake kati ya mipira iliyopasuka. Bwana Namba akamsomea kutoka juu hadi chini. Fundi alisikiliza kwa adabu, mdomo wazi kidogo.

"Vizuri, mzee mwenzangu," akasema. "Lakini trekta lipi hilo?"

"La shemeji yangu. Ulilolipachika jina Chotara."

"Mimi?" Fundi akakuna kichwa. "Sikumbuki, bwana. Tulikuwa tunacheka mengi."

Bwana Namba alisimama na karatasi yake. Kisha akaanza kuisoma tena, tangu namba ya kwanza, polepole zaidi.