Mkono wa Kushoto wa Bibi

Harufu ya dawa ya kuchua ndiyo iliyotuamsha miezi ile, kabla hata ya harufu ya chai. Ilitoka chumbani kwa bibi, ikapita ukumbini, ikaingia hadi ndani ya shuka zetu, kali kama kitunguu kilichokatwa karibu na macho. Kilikuwa kiangazi, upepo unasukuma vumbi chini ya milango ya nyumba yetu ya Makole, na bibi yangu, mama yake mama, alikuwa anajiandaa kwenda hija. Nilikuwa darasa la nne. Nilidhani Makka ni mahali ambapo magoti ya watu wote hunukia hivyo.

Kwenye semina ya mahujaji walikuwa wameambiwa wafanye mazoezi ya kutembea, kwa sababu kule kuna kuizunguka Kaaba, kuna kwenda na kurudi kati ya Safa na Marwa, kuna Arafa na Mina, na jua la kule halimwonei mzee huruma. Wenzake walitembea barabarani. Bibi alishindwa. Alikuwa mwanamke wa Kondoa aliyelima mtama maisha yake yote, na aliona aibu kupita mbele za watu bila jembe wala mzigo, anakwenda asikokwenda. Akachagua uani. Kulikuwa na tanki la maji la saruji, la duara, refu kumpita mtu, ambalo babu alilijenga kabla hajafa. Kila asubuhi akishakunywa uji, bibi alilizunguka, bega la kushoto likiwa upande wa tanki kama inavyozungukwa Kaaba, na kiganja cha kushoto kikiteleza juu ya ukuta wake. Nilimfuata nyuma kwa furaha, nikiburuza ndala, nikisikia kiganja kile kikikwaruza saruji. Asubuhi moja Mama Stella, jirani yetu Mkristo aliyekuwa mtumishi wa serikali, alichungulia juu ya ukuta wa ua akiwa tayari amevaa nguo za ofisini.

"Shikamoo, bibi! Hilo tanki halijakuomba lipumzike?"

"Marahaba. Litaomba lenyewe, mimi bado."

"Si mkodi kiti cha magurudumu hukohuko? Wenzako wanasukumwa, wanarudi wamenenepa."

"Kiti!" Bibi hakusimama. "Mungu kaniita mimi, hakukiita kiti. Au siyo, mke mwenzangu?"

Mke mwenzake nilikuwa mimi. Ndivyo alivyonitania siku zote. Nikajibu kwamba ndiyo, kiti hakikuitwa.

Hicho tu ndicho alichokitaka, aikamilishe hija kwa miguu yake mwenyewe. Aliingoja safari ile tangu mama akiwa msichana. Kwanza watoto wasome, kisha nyumba iezekwe, kisha babu auguzwe. Zamu ya bibi ilipofika, mwili uliobaki ulikuwa wa magoti yaliyovimba na pumzi ya kuomba. Lakini wiki zilivyosonga alianza kulizunguka tanki bila kupumzika, mgongo umenyooka, na nyumba nzima tukaamini amepona. Tulitazama miguu. Hakuna aliyeutazama mkono.

Alisafiri na mjomba. Siku simu ilipopigwa, mama alikuwa anachambua mchele. Aliisikiliza amesimama, kisha akakaa chini, ungo ukamwagika. Bibi alikuwa ameanguka kwenye tawafu, kule kuizunguka Kaaba. Hakuvunjika, lakini goti lilikuwa limekataa. Baadaye mjomba alitusimulia kwamba walipoingia tu katika ule umati, mkono wa kushoto wa bibi ulinyanyuka wenyewe, ukatafuta ukuta. Kaaba ilikuwepo, ila ng'ambo ya mabega yasiyohesabika. Mkono ukashika hewa, kisha ukashika nguo ya mtu asiyemjua, na mtu yule akaendelea na safari yake. Yote yaliyofuata bibi aliyafanya juu ya kiti. Hata vijiwe vya Mina alirushiwa na mjomba.

Aliporudi walimpokea kwa dufu na kaswida. Wanawake wa mtaa walimwita Bi Hajjat, wakambusu mikono, naye akawagawia tende na maji ya zamzam huku akitabasamu vizuri kabisa. Wageni walipoondoka alimwambia mama, "Mimi sikuzunguka, mwanangu. Nilizungushwa."

"Lakini mama, masheikh wanasema hata ya kiti inasihi."

"Nimekataa? Inasihi. Nilitaka nije na ya miguu yangu."

Hakuligusa tena lile tanki. Aliweka mkeka wake upande wa pili wa ua, akalipa mgongo, na hadi alipofariki sikumwona akitembea mbali kuliko bafuni.

Sasa nimesoma, nimemaliza chuo, nimepanga chumba Miyuji, na mama husema chuo kimenifundisha kuuliza tu. Ni kweli nawachosha watu. Nauliza kwa nini hija ni ya mwenye uwezo, na sisi tukisikia uwezo tunawaza nauli, kana kwamba miguu itajisafirisha. Nauliza kwa nini mwili wa mwanamke lazima uje baada ya bati la nyumba. Sijui hata kama bado ninaamini alichokiamini bibi. Nilipokuwa mtoto nilikuwa na uhakika na kila kitu kilichokuwa mbele yangu, kuanzia kisigino cha bibi. Siku hizi sina kisigino cha kufuata.

Jumamosi iliyopita nilikwenda Makole. Nilipofungua geti harufu ilinipokea, ileile. Mama, ambaye mwakani ni zamu yake, alikuwa anazunguka tanki. Kwenye saruji, usawa wa kiuno, pana mkanda laini uliosuguliwa na kiganja cha bibi, na kiganja cha mama kilikuwa kinapita humohumo.

"Mama, toa mkono."

"Ninautoa kesho. Leo goti lina jambo lake."

Nikavua viatu, nikaingia kati yake na ukuta, tukaanza kutembea. Mkono wake ulipapasa, ukakosa saruji, ukatua begani kwangu, mzito kuliko nilivyodhani. Nilijua natakiwa nisogee, maana kule hakutakuwa na bega. Tulimaliza mzunguko mzima kabla sijapata moyo wa kusogea.