Bunduki Fupi kwa Korido Yetu

Mwizi aliingia nyumbani kwetu Hounslow, hapa Uingereza, saa tano asubuhi, mke wangu akiwa bafuni. Aliufungua mlango wa nyuma kwa bisibisi. Mke wangu alipotoka, kajifunga khanga, wakakutana uso kwa uso kwenye korido ya juu. Yule mtu akachukua simu na bangili mbili zilizokuwa kitandani, akashuka ngazi, akatokea mlango wa mbele kama mgeni anayeaga. Hakumgusa.

Mimi ni dereva wa basi. Wiki ile nilikuwa na zamu ya vipande viwili, alfajiri na jioni, na kwa kawaida saa tano nilikuwa nimeshafika nyumbani kunywa chai. Siku hiyo basi liliharibika, nikachelewa karibu saa nzima. Nilipofika nilikuta polisi sebuleni wameshaandika maelezo, na mke wangu anawauliza kama wanatumia sukari.

Siku ya tatu alirudi kazini. Ni muuguzi wa wodi ya wazee, na alisema wagonjwa wake hawawezi kumsubiri mpaka hofu imtoke. Aliyeshindwa ni mimi. Nilikuwa nakagua vitasa, natembea mpaka kituoni, kisha narudi kukagua tena. Kwenye kila taa nyekundu mawazo yalinikimbia kwenda nyumbani. Nilifunga komeo la pili, la tatu, hatimaye la nne. Nikaweka rungu nyuma ya mlango. Halafu nikaanza kutazama bunduki kwenye simu.

Kwetu Babati baba alikuwa na bunduki ya leseni, ya kufukuzia nguruwe pori kwenye mahindi. Sikumbuki kumwona akimwelekezea mtu, ila nakumbuka watu walivyokuja kwetu kwa adabu kuliko walivyokwenda kwa majirani. Adabu hiyo ndiyo niliyokuwa naitafuta. Nilijua bastola haiwezekani katika nchi hii, kwa hiyo nikabaki na shotigani. Nikajifunza kwamba zipo za mitutu miwili iliyolala ubavu kwa ubavu, zipo za mtutu juu ya mtutu, na zipo zinazojipakia zenyewe. Nilisoma habari za uzito, za urefu, za jinsi kitako kinavyopiga bega. Siku moja mke wangu alinikuta nimechuchumaa koridoni na futi ya kupimia.

"Unapima zulia?" akauliza.

"Ndiyo," nikasema.

Jirani yetu, tunayeshiriki naye ukuta, ni mzee wa Kisingasinga mzaliwa wa Nakuru, mstaafu wa kazi za uwanja wa ndege. Kila Jumapili alikuwa akiondoka na mfuko mrefu wa ngozi, na miaka yote nilidhani ni fimbo za kuvulia samaki. Kumbe ni bunduki. Nilipomweleza ninachokitaka alicheka, akanivuta ndani kwake, akanionyesha kabati la chuma lililokazwa ukutani kwa boliti nne, ndani ya stoo iliyo chini ya ngazi.

"Bunduki iko hapa," alisema. "Risasi ziko kwa kabati ingine huko juu. Funguo siwezi kukuambia ziko wapi, hata mama hajui. Sasa mwizi akikuja nitamwambia nini? Ngoja kidogo, kaa chini, nitafute funguo?"

"Lakini mzee, si bora iwepo?"

"Mimi napiga visahani vya udongo. Vinarushwa juu, navipiga, naenda nyumbani. Ni hivyo tu. Ukiandika kwa fomu unataka ya kulinda nyumba, kwisha. Hapa hiyo si sababu."

Nilichokisikia mimi katika maneno yale ni kwamba ipo sababu nyingine inayokubalika. Nikamwambia, basi nifundishe visahani. Alifurahi mno, kwa kuwa watoto wake mwenyewe hawakuwahi kuupenda mchezo ule. Alinipeleka uwanjani Jumapili mbili, akanishika bega, akanirekebisha miguu. Nilipiga kisahani kimoja tu, akanishangilia kama nimeoa. Akakubali kuwa mdhamini wangu kwenye fomu ya polisi ya kuombea cheti cha bunduki. Kisha tukaenda duka la bunduki nje ya jiji, mwendo wa saa moja kwa gari.

Muuzaji alikuwa mama wa Kiingereza wa makamo, asiye na haraka. Alinitolea bunduki ndefu ya mtutu juu ya mtutu.

"Urefu utakusaidia kukifuata kisahani kikiwa hewani," alisema.

Nikauliza kama kuna fupi kidogo. Akaleta. Nikauliza kama kuna fupi kuliko hiyo. Ya tatu nilipoiinua begani niligeuka nayo taratibu katikati ya makabati mawili ya vioo, nikitazama kama ncha itagusa pembeni. Nilipoishusha, alikuwa ananiangalia.

"Wapiga visahani huinua bunduki juu," alisema. "Wewe umeielekeza mlangoni."

Jirani yangu akatazama viatu vyake. Nikasema ni mazoea mabaya, nikacheka peke yangu. Yule mama aliichukua bunduki mikononi mwangu kwa upole, akairudisha ukutani, akasema nirudi nikishapata cheti. Tukarudi mpaka Hounslow.

"Ndugu yangu," mzee akasema, "jina langu liko kwa hiyo fomu."

"Najua, mzee."

"Unajua. Lakini umesikia?"

Nikaituma fomu hata hivyo.

Wiki kadhaa baadaye, mchana, alikuja afisa wa polisi anayeshughulikia leseni za silaha. Mke wangu alikuwa mapumzikoni, akakaa nasi. Afisa aliangalia mahali kabati litakapokaa. Aliyatazama makomeo manne ya mlango wa nyuma, moja baada ya jingine, akaliona na rungu. Aliponiuliza kwa nini nataka bunduki nilimweleza habari za visahani kama nilivyokuwa nimejifunza, na sauti yangu ilikuwa ya juu kuliko kawaida. Akaandika. Kisha akamgeukia mke wangu.

"Na wewe, una wasiwasi wowote?"

Mke wangu alifikiri kidogo. "Mimi niliibiwa mara moja," akamjibu. "Yeye anaibiwa kila siku."

Halafu akanigeukia mimi, kwa Kiswahili: "Mwambie ukweli, baba. Au nimwambie mimi?"

Afisa hakunihimiza. Mwishowe nikasema: naitaka kwa ajili ya nyumba yangu. Akafunga kalamu yake. Akanieleza, bila ukali, kwamba ni afadhali niliondoe ombi mwenyewe kuliko kusubiri likataliwe. Nikaliondoa.

Alipotoka tu nikamwakia mke wangu. "Umenivua nguo mbele ya mgeni!"

"Miezi yote hii unasoma habari za bunduki," akasema. "Umeniuliza hata mara moja siku ile ilikuwaje?"

Sikuwa nimemuuliza. Nilisoma maelezo aliyowapa polisi, nikaona inatosha. Nikakaa, akanisimulia.

"Alikuwa anatetemeka kuliko mimi. Alisema samahani, mara mbili. Mimi sikumwogopa yeye. Nilikumbuka ni saa yako ya chai, nikakuogopa wewe. Nakujua ulivyo. Nikasema, Mungu wangu, asirudi sasa hivi, akirudi atakufa mtu hapa na sijui ni nani. Nilikuwa nasikilizia ufunguo wako mlangoni mpaka yule alipotoka."

Tangu siku ile nilikuwa nalilaani lile basi bovu. Niliinuka nikaenda kuosha vikombe, nikaosha hata visivyo vichafu.

Jioni ile nilikwenda kwa jirani kumwomba radhi. Aliniacha nimesimama kizingitini.

"Ningepoteza leseni yangu kwa sababu yako," alisema. "Miaka thelathini sijawahi kudanganya polisi wa hii nchi."

Alikuwa na haki. Zaidi ya mwezi mzima alinijibu salamu kwa kidevu tu. Mke wangu akampelekea sahani ya vitumbua, sahani ikarudi na chevda, vile vitafunwa vya Kihindi vyenye pilipili, na taratibu tukaanza tena kuongea habari za hali ya hewa na mapipa ya takataka. Uwanjani hajanialika tena, nami sijaomba.

Makomeo mawili nimeyatoa. Niliomba zamu nyingine, nikapewa. Na ninamuuliza mke wangu mambo, ingawa bado sijui kuuliza vizuri. Namuuliza kama ninavyomuuliza abiria anakoshukia. Mara nyingine hujibu, mara nyingine huniambia nimwache apike. Juzi, akimenya viazi, alinieleza kipande ambacho hakuwahi kukisema: kwamba baada ya yule mtu kuondoka, na yeye kuwapigia polisi kwa simu ya mezani, alikaa ngazini akaanza kucheka, na hakuweza kunyamaza mpaka polisi walipobisha. Nikamuuliza kama kicheko kile humrudia.

"Hunirudia," alisema. "Wodini, nikiwa nampima mtu presha. Inabidi nitoke nje."

Aliendelea kumenya. Kesho yake nilivipita vituo viwili bila kusimama, abiria wananipigia kengele, na mimi sizisikii.