Treni ya Kwenda Kuwait

Juzi, kwa wakala wa safari hapa Rinkeby, mtaa wetu wa wahamiaji, nilimsikia mzee wa Kiswidi akiulizia treni ya kwenda Kuwait. Binti yake anaolewa huko mwezi ujao, naye ameapa kutopanda ndege kwa sababu zinachafua hewa.

Wakala akakuna kichwa. "Treni mpaka Istanbul. Halafu mabasi, upite Iraki."

Majirani zangu walipita huko wakikimbia vita kuja huku. Huyu anakata tiketi apite huko.

Mke wa mzee, Mkenya aliyeketi kando yake, akasukuma pasipoti yake mezani. "Mimi ndege. Na wewe, baba watoto, ukichelewa, binti ataingia kanisani na nani?"

"Nitaondoka kesho."

"Kesho? Na chapati za njiani nizipike saa ngapi?"

Wasomaji, hewa ikipata nafuu, tumshukuru na mpishi.